Dirisha la Tanurini

Shaame, barua hii naiandika juu ya polo la unga,
niwie radhi kwa vumbi lake.
Nimesikia huko Kiwengwa wamekupa sare mbili,
moja ya kuvaa, moja ya kufuliwa,
na mshahara unaingia benki tarehe ishirini na nane
hata ikiangukia Ijumaa.
Nimesikia kitanda, bima, chai ya saa nne,
na kwamba mwezi uliopita walikutundika ukutani,
picha yako ndani ya fremu, unacheka.
Aliyeniambia ni mkeo, Bikombo,
alipokuja kununua boflo tatu kwa pesa taslimu.
Zamani alikuwa hanunui.

Mimi sikuwahi kukutundika popote.
Nina msumari mmoja tu, nao una kalenda.

Basi nami nihesabu nilivyokupa,
nisije nikajidhulumu:
boflo nne kila alfajiri, za moto, si za jana.
Nauli ya gari ya Konde, mvua ikinyesha.
Mama yako alipolazwa Chake
nilikupa mshahara wa miezi miwili ambayo hujaifanyia kazi,
na sikukukata kwa pupa.
Nilikukata polepole.
Ukweli niuseme: nilikukata.
Na zile trei mbili zilizoungua usiku wa kuamkia Idi
nazo nilikukata,
ilhali mimi ndiye niliyekuita mlangoni
kuzungumza habari za kuni.

Ulipoondoka nilidhani ni pesa.
Nikapandisha. Akaja kijana wa Jadida,
nikampa elfu thelathini zaidi yako;
akakaa siku tisa.
Nikaongeza chai ya usiku, nikaongeza vocha ya simu,
akaja mwengine. Huyo vocha aliipenda,
ila unga alikuwa haukandi, anaupapasa
kama mtu aliyeangusha shilingi gizani.
Wateja wa Limbani wakaanza kuniuliza:
Bi Salhina, boflo hizi zimefiwa?

Ndipo nikakumbuka.
Mwaka wako wa tatu ulikuja na kofia mkononi.
Hukuomba nyongeza. Uliomba dirisha.
Ukasema: upande huu wa ukuta, bi mkubwa,
nitalitoboa mwenyewe siku yangu ya mapumziko,
moshi upate pa kutokea
nami nione kama kumekucha.
Nikakwambia upepo utaua hamira.
Ukasema, haya.
Kila mwaka ukiuliza, nikikataa, ukasema haya,
miaka minane,
nami nikidhani haya yako ni kuridhika.
Sasa haya nimebaki nayo mimi.

Jana nilimwita fundi Mgeni.
Matofali sita yameng'oka,
ukuta ukatema masizi ya tangu enzi za marehemu mume wangu.
Upepo ukaingia, ukazunguka, ukatoka.
Hamira haikufa, Shaame. Iliumuka kama kawaida.
Fundi akaniuliza: juu kiasi gani?
Huyo mtu mwenyewe ana kimo gani?
Nikanyoosha mkono, nikaushusha, nikaupandisha tena.
Miaka kumi na moja umesimama pale
na sijui macho yako yanafika wapi.

Kitanda sina. Fremu nitanunua ukiitaka,
ingawa humu ndani wa kuitazama ni mimi na paka.
Mkataba nimempa Mwalimu Asaa auandike,
jina lako lote mpaka la babu,
na mchango wa kiinua mgongo nimeshauulizia.
Hayo siyahesabu kuwa zawadi, yalikuwa haki yako
nikayakalia kama kigoda.

Sikwambii urudi. Mtu haachi sare mbili
kwa sababu ya tundu.
Nimeliziba kwa gunia, na gunia linapiga makofi usiku kucha.
Ila nitumie kimo chako.
Chukua uzi, simama hapo hapo ukutani,
chini ya picha,
upime kuanzia kisigino mpaka jichoni,
ukate, umpe Bikombo
aje nao atakapokuja kununua boflo.

Asije na pesa.